Kompyuta inapofanya kazi hula umeme kiasi gani?

KATIKA mtaa wa Westlands, Nairobi, ambako ofisi nyingi zimesongamana kandokando ya barabara ya Waiyaki, umeme unapopotea huzuka swali moja: je, betri za dharura zitaendesha kompyuta kwa muda gani? Swali hilo lilipata uzito mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani, ukiwemo uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Wengi hutafuta jibu katika kibandiko kilicho nyuma ya kompyuta. Hata hivyo, nambari iliyoandikwa hapo ni upeo tu, wala si kiasi kinachotumika. Kompyuta yenye kibandiko cha wati 400 yaweza kutumia wati 100 au pungufu mwenyewe akiandika barua.

Chanzo kikuu cha tofauti hiyo ni kichakataji. Ndani yake mna swichi ndogo mno, na kila zinapogeuka hutumia nishati. Kazi ikizidi, matumizi nayo hupanda. Volteji ina athari kubwa zaidi: ikipunguzwa kwa asilimia 10, nishati ya kila mgeuko hupungua kwa asilimia 19.

Tangu 2011, kampuni ya Intel imekuwa ikitengeneza vichakataji vinavyojikadiria matumizi. Vya kwanza havikupima umeme wenyewe, bali vilihesabu kazi zilizofanywa, kisha vikakisia nishati iliyotumika. Programu za kompyuta huweza kusoma makadirio hayo. Hata hivyo, hayajumuishi skrini wala umeme unaopotea njiani kama joto.

Kwa sababu hiyo, ni vyema kuyalinganisha na mita ya tokeni. Vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, taa ya mita huhesabiwa inavyomweka. Ikiwa mita imeandikwa mimweko 1000 kwa uniti, kila mmweko ni wati-saa moja. Mimweko 10 kwa dakika sita ni sawa na wati 100.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1200, lakini haifai kutumiwa kupita nusu. Hivyo, mzigo wa wati 100 utadumu kwa saa zisizozidi sita. Wa wati 300, kwa saa zisizozidi mbili.

Aidha, vipimo vichukuliwe kazi ikiwa imepamba moto. Anayepima kompyuta ikiwa imetulia atanunua betri itakayomwacha gizani mapema.