Gome na Uzi Juu ya Kilima cha Lubaga

Wanaonunua kwangu nyota na malaika kipindi cha Majilio huuliza kwanza habari za uzi. Mimi huwaambia waanze na gome lililo chini ya uzi huo, kwa sababu ndilo lililotangulia katika nchi hii.

Gome hilo linatokana na mti wa mutuba, na nguo yake Waganda huiita lubugo. Msimu wa mvua fundi huchuna gome bila kuua mti, kisha hufunga shina kwa majani ya mgomba ili gome jingine liote. Lile alilochuna hulilainisha kwa moto au mvuke, halafu hulipiga bandani, mbali na jua lisije likakauka mapema. Nyundo zake ni za mbao na zimechongwa mifereji. Ataanza na yenye mifereji mipana na kumalizia na yenye mifereji membamba kabisa, huku kipande kikizidi kutanuka chini ya mikono yake. Kikianikwa, kinageuka rangi ya udongo mwekundu. Kila mtu Buganda alivaa lubugo. Wafalme na machifu walivaa la kwao, lililotiwa rangi nyeupe au nyeusi.

Pamba ililetwa na watu wa pwani. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na misafara iliyofuata ikapitia Tabora na Karagwe ikiwa na merikani, shanga na bunduki. Mutesa, mwana wa Suuna, alipenda kanzu za Kiarabu, na wakubwa wa baraza wakamfuata. Ikulu yake ilikuwa hapa hapa Lubaga Stanley alipomtembelea mwaka 1875. Mapadre Weupe walifika Buganda Februari 1879, na miaka kumi baadaye Kabaka Mwanga akawapa kilima hiki. Kanisa lao liliungua katika vita vya Mengo, Januari 24, 1892. Hili tunaloliona leo liliwekwa wakfu Desemba 31, 1925, siku sita tu baada ya Krismasi.

Kwangu mimi mwaka mkubwa ni 1899, walipofika Masista Weupe. Watu huwakumbuka kwa hospitali waliyoianzisha mwaka huohuo, nami nawakumbuka kwa sindano. Masista hao walipofungua nyumba, wasichana walijifunza kushona na kudarizi, na vitambaa vya altare vilihitaji lesi pembeni. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na mizigo ikaanza kuvuka ziwa kwa meli, uzi mwembamba wa Ulaya haukuwa tena mzigo wa kichwani.

Mama yangu alijifunza lesi ya tatingi kwa masista upande wa Bukoba, akaja nayo Kampala alipoolewa. Hii si kroshia, haina kulabu. Uzi unazungushwa kwenye kidude kilichochongoka ncha zote mbili, mfano wa mtumbwi mdogo, nacho kinapita juu na chini ya uzi uliotandwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Kila fundo lina nusu mbili. Siri yake ni kulegeza vidole wakati kidude kinavutwa, ili fundo lihame kutoka uzi wa kidude hadi uzi wa mkononi. Lisipohama, pete haifungi, na kazi yote unaikata kwa mkasi. Likihama, unavuta mara moja, mafundo yanajikusanya, pete inajifunga. Mama akimaliza nyota aliichovya kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akaibana kwa pini juu ya ubao ikauke ikiwa imenyooka.

Kisha ukaja mwaka 1972. Wahindi walipofukuzwa na Amin, maduka waliyouzia nyuzi yalifungwa au yakapewa watu wasiojua biashara hiyo. Mama alifumua vitambaa vyake vya viti, akaosha uzi, akautumia upya. Ulipokwisha, tulipamba kwa nyuzi za mgomba zilizosokotwa pajani. Sikubali mtu akiziita mapambo ya dhiki. Nyota zile zilikuwa nzuri, na leo watalii wananunua zinazofanana nazo kwenye vibanda vya nyuma ya Jumba la Sanaa la Taifa.

Wazo la kuweka lesi juu ya lubugo lilinijia baada ya Julai 31, 1993, Kabaka Mutebi alipotawazwa na watu wakavaa magome hadharani. Mwaka 2005 UNESCO nayo ikaitangaza kazi ya lubugo kuwa urithi wa wanadamu. Hata hivyo, mara ya kwanza nilipotandaza mkeka wangu baada ya Misa, bibi mmoja aliinua malaika, akamgeuza nyuma, akaona gome.

"Nnyabo," akaniambia, "hiki tunazikia watu. Nikitundike nyumbani siku ya Krismasi?"

Hakukosea. Maiti bado wanavishwa lubugo, na miaka mingi waumini waliliona kuwa nguo ya msiba na ya mizimu. Lakini msiba si kazi yake pekee. Wafalme walitawazwa wakiwa wamelivaa, nasi Wakristo tunasema aliyezaliwa Bethlehemu ni mfalme. Watoto wa Buganda walibebwa na kufunikwa kwa gome hilohilo vizazi kwa vizazi kabla ya merikani kufika. Horini namlaza Mtoto juu ya lubugo bila wasiwasi wowote, na kwa ajili yake natafuta lile jeupe, ingawa ni ghali na mafundi wanaolijua ni wachache.

Bibi yule hakununua. Binti aliyekuwa naye alichukua nyota mbili za uzi mtupu, nami nikampunguzia bei. Tangu hapo nauza za aina zote mbili, na mtu akishika ya gome namwambia kabla hajauliza: hili ni lubugo, limetoka Mpigi.