Chawa wa Ndege Waimbao na Safari Ndefu ya Kuwapanga

Katika manyoya ya kwera, chozi, mbayuwayu na hata kunguru, ambaye kwa hesabu ya wataalamu naye yumo katika ndege waimbao, huishi chawa wasiofanana na wale wa binadamu. Hawa wana mataya. Wengi wao hutafuna nyuzi za manyoya na magamba ya ngozi, ingawa wale wa jenasi ya Ricinus hunywa damu. Huzaliwa, hukua na kufa juu ya ndege. Akitengwa na mwili ule wenye joto, chawa hamalizi siku nyingi.

Francesco Redi aliwachora chawa wa ndege kadhaa katika kitabu alichokichapisha Florence, Italia, mwaka 1668. Linnaeus wa Sweden, mwaka 1758, aliwatia wote katika jenasi moja na chawa wa binadamu, Pediculus, na wengi akawaita kwa jina la ndege waliyekutwa naye. Wa kunguru akawa Pediculus corvi. Hapo ndipo ulipoanza mtindo uliosumbua elimu hii kwa muda mrefu: kumtambua mdudu kwa mwenyeji wake badala ya kumtazama mwenyewe.

Aliyemtazama mdudu mwenyewe ni Christian Ludwig Nitzsch, profesa wa Halle, Ujerumani. Mwaka 1818 aliwagawa kwa maumbile yao, hasa vipapasio: kuna ambao vipapasio vyao huonekana kama nyuzi, na kuna ambao wamevificha katika mifereji ya kichwa. Mwaka 1896 Vernon Kellogg wa Stanford aliyapa makundi hayo majina, Ischnocera na Amblycera, na tunayatumia hadi leo. Nitzsch alifariki mwaka 1837 akiacha rundo la maelezo ambayo mtaalamu mwingine, Giebel, aliyatoa kama kitabu mwaka 1874. Kazi ya maisha ya mtu ilisubiri kitabu chake miaka 37.

Ndege waimbao ndio waliowatoa jasho wataalamu kuliko wengine. Oda yao ina zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani, na chawa wao wembamba wanafanana mno. Mwaka 1936 Stefan von Kéler alianzisha jenasi ya Brueelia, nayo ikageuka kuwa ghala la kila chawa mwembamba wa ndege hao. Isitoshe, baadhi ya chawa hawa hung'ata miguu au tumbo la nzi wanyonya damu ya ndege, wakabebwa hadi kwa ndege mwingine wa aina tofauti kabisa. Kwa hiyo dhana kwamba kila ndege ana chawa wake haikusimama.

Dhana hiyo ilikuwa na watetezi wakubwa, mmoja wao hapa kwetu Afrika Mashariki. G. H. E. Hopkins, mtaalamu wa wadudu katika serikali ya kikoloni ya Uganda, aliandika mwaka 1942 kwamba chawa wanaweza kusaidia kupanga ndege wenyewe. Mwaka 1952, yeye na Theresa Clay wa makumbusho ya London walitoa orodha ya jenasi na spishi zote zilizojulikana. Ni kazi kubwa mno. Clay alimuenzi Hopkins mwaka 1963 kwa kumwita chawa wa ngiri Haematomyzus hopkinsi.

Lakini Clay alifanya kazi kwa karibu pia na Richard Meinertzhagen, mwanajeshi aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905. Baada ya kifo cha Meinertzhagen ilithibitika kuwa aliiba ndege waliokaushwa kwenye makumbusho na kuwabandika lebo za uongo. Kwangu hilo si dogo hata kidogo. Chawa asiyejulikana alitoka kwa ndege gani, na wapi, hafai kitu. Hata mwindaji mwaminifu aliyetia ndege wawili katika mfuko mmoja aliwachanganya chawa wao bila kujua.

Mwaka 2017 watafiti Daniel Gustafsson na Sarah Bush walilifungua ghala la Brueelia katika kazi ya kurasa zaidi ya 400, wakaligawa katika jenasi nyingi kwa maumbile ya wadudu wenyewe. Vinasaba navyo vimeonyesha kuwa chawa wote ni tawi la ukoo wa wadudu wadogo waitwao chawa wa vitabu.

Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, nchini Kenya, ndege wahamaji wamekuwa wakivishwa pete tangu mwaka 1969, na wengi wao ni waimbao. Ombi langu kwa kila anayeshika ndege kwa kazi ya namna hiyo: kila ndege awe na mfuko wake, na chawa atakayeonekana atiwe kwenye kichupa cha alkoholi. Jina la ndege, mahali na tarehe viandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka, kisha kichupa kipelekwe makumbusho.