Uteuzi wa Upanga wa Mazoezi katika Ufufuaji wa Sanaa ya Upanga ya Ulaya

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna uteuzi wa panga za mazoezi unavyoathiri ufasiri wa maandishi ya kale ya sanaa ya upanga barani Ulaya. Hoja kuu ni kwamba kila upanga wa mazoezi huhifadhi sehemu moja ya mapigano halisi na kuiacha nyingine. Kwa hiyo uteuzi wake ni suala la mbinu ya utafiti, si la usalama na gharama pekee.

1.0 Utangulizi

Tangu mwishoni mwa karne ya 20, vikundi vya wanamichezo na watafiti wa Ulaya na Marekani vimekuwa vikifufua mafundisho ya upanga ya karne ya 14 hadi ya 17. Mapokezi kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi yalikwisha kukatika. Yaliyobaki ni maandishi, michoro na silaha za makumbusho. Anayetaka kuyajaribu mafundisho hayo bila kumjeruhi mwenzake hana budi kuchagua upanga butu.

2.0 Panga za Mazoezi katika Historia

Mwandishi wa Kirumi Vegetius anaeleza kwamba askari wapya walipewa panga za mti na ngao za fito zilizosukwa, zenye uzito maradufu ya zile za vitani, wakazitumia kushambulia nguzo iliyosimikwa ardhini. Zana hizo zilijenga nguvu na ustahimilivu. Hazikukusudiwa kumfundisha askari wepesi wa kumjibu mpinzani anayejongea.

Shule za Ujerumani zilifuata njia nyingine. Kitabu cha Joachim Meyer, kilichochapishwa Strasbourg mwaka 1570, kinaonyesha upanga mrefu wa mazoezi wenye bapa jembamba linalopanuka karibu na mpini. Wafufuaji wa leo huuita Feder. Kitabu hichohicho kinafundisha pia dusack, silaha fupi iliyopinda, iliyomwandaa mwanafunzi kwa silaha za mkono mmoja. Meyer anabainisha kwamba Wajerumani wa wakati wake walikuwa wameacha kuchoma kwa ncha katika mazoezi ya upanga mrefu. Atakayekisoma kitabu chake kana kwamba kinaeleza vita tu atadhani kwamba kuchoma hakukuwa na thamani, ilhali palikuwa na kanuni ya shule.

3.0 Zana na Maana ya Maneno

Mapokeo ya Johannes Liechtenauer yanasisitiza kwamba panga mbili zinapogusana, mpiganaji ahisi kupitia bapa kama mpinzani wake ni “mwenye nguvu” au “dhaifu”, kisha atende kulingana na hali hiyo. Maana ya maneno haya haipatikani katika kamusi pekee; hupatikana pia mkononi. Makali halisi hung’ang’aniana, chuma butu huteleza, na nailoni hudunda. Mfasiri aliyejifunza kwa nailoni pekee aweza kuipa kauli hiyo maana isiyokuwemo katika matini.

Unyumbufu nao una masharti yake. Bapa linalopinda humlinda mwenzi anapochomwa, lakini likipinda kupita kiasi hushindwa kuuzuia upanga wa pili. Wala ubutu pekee hautoshi kuondoa hatari. Mwaka 1982 huko Roma, bingwa wa Olimpiki Vladimir Smirnov alijeruhiwa vibaya baada ya bapa la mpinzani wake kuvunjika na kupenya kinga ya uso. Alifariki siku chache baadaye. Ajali hiyo, iliyotokea katika mchezo wa kisasa wenye kanuni zake, ilichochea masharti makali zaidi kuhusu bapa na kinga.

4.0 Hitimisho

Mtafiti anapaswa kuanza na matini, abainishe kama inahusu shule, pambano la wawili au vita, ndipo achague upanga. Na anapotoa matokeo, ataje malighafi, uzito, urefu na unyumbufu wake. Funzo hili linaihusu pia Afrika Mashariki, ambako mchezo wa fimbo wa kirumbizi wa Lamu ungali hai. Sera za kuhifadhi urithi wa aina hii zisiishie kwenye kurekodi nyimbo na picha. Ziagize pia kwamba mti wa fimbo, urefu wake na namna inavyoshikwa viandikwe kwa maneno ya wachezaji wenyewe, wakati wangalipo wa kuulizwa.