Kusafisha bayogesi kwa maji: mtungi mmoja hautoshi

Nyumbani tuna ng'ombe watatu na mtambo mdogo wa bayogesi. Fundi mmoja alinishauri niipitishe gesi kwenye mtungi wa maji wa lita 20 kabla haijafika jikoni, ili moto uwe mkali. Nilifanya hivyo wiki mbili. Moto ulikuwa ule ule. Nilipopiga hesabu ndipo nikajua sababu.

Bayogesi ni mchanganyiko. Takriban asilimia 60 ni methani, gesi inayowaka. Sehemu kubwa ya inayobaki ni kaboni dioksidi, ambayo haiwaki. Maji yanaweza kuzitenganisha kwa kuwa kaboni dioksidi huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko methani.

Hata hivyo, maji nayo hushiba. Katika joto la nyuzi 25, bila presha ya ziada, lita moja hubeba kama nusu gramu tu ya kaboni dioksidi kutoka kwa bayogesi. Mita moja ya ujazo ya bayogesi ina takriban gramu 700. Kuiondoa yote kunahitaji zaidi ya lita 1,000, yaani mitungi 50 na ushee. Na joto la Pwani linazidisha shida, maana maji yakipata moto hushika gesi kidogo zaidi.

Viwandani wanatumia presha. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza kwamba presha ya gesi ikiongezeka maradufu, kiasi kinachoyeyuka nacho huongezeka maradufu. Kwa hiyo bayogesi hushindiliwa mara 6 hadi 10 ya presha ya kawaida, ikaingizwa chini ya mnara huku maji yakimwagwa kutoka juu. Kwa presha mara nane, lita 150 hivi zinaweza kutosha kwa ile mita moja. Baadaye presha hushushwa, kaboni dioksidi ikatoka kama soda inapofunguliwa, na maji yakatumika tena. Gesi inayopatikana huwa na methani zaidi ya asilimia 95, hata gari huiendesha.

Kwa kupikia, huhitaji haya yote. Jiko la bayogesi limeundwa kuwaka na kaboni dioksidi ikiwemo. Usijaribu kushindilia gesi nyumbani, ni hatari. Ukisikia harufu ya yai viza, hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayokula vyuma. Mwite fundi mjuzi akuwekee kichujio cha chuma chenye kutu.

Maji tunayanunua. Mtungi wangu nimewarudishia ng'ombe.