Kipupwe Ufipa: historia ndani ya chungu

Wadau, nipo Sumbawanga, na baridi ya Julai inang'ata kweli kweli! Jana bibi kanipakulia ugali wa ulezi kwa maharage mapya. Nikadhani chakula cha kawaida tu. Kumbe ulezi ni zao la Afrika tangu kale, maharage yalitoka Amerika! Vilikutana kwenye ntumba, matuta ya mviringo ya Wafipa. Mvua zikikaribia kwisha, hufukia majani, wakapanda maharage juu. Majani yakioza, msimu unaofuata hutawanya udongo ule na kupanda ulezi. Mbolea ya bure. Leo tunakopa kununua ya dukani. Bibi jembe linamshinda sasa, nami sijawahi kuinua hata tuta moja. Je, wewe mwenzangu?