Betri za sola mjini Juba: namna ya kuzichagua na kuzichaji

Mtambo wa umeme wa megawati 33 ulizinduliwa mjini Juba mwaka 2019, lakini umeme wake haujafika katika mitaa yote, na wengi bado hutegemea jenereta au sola. Katika mfumo wa sola, kifaa kinachokufa mapema ni betri. Paneli iliyotunzwa hudumu zaidi ya miaka 20. Betri iliyochaguliwa au kuchajiwa vibaya haimalizi mwaka.

Kosa la kwanza hufanyika sokoni. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kwa hiyo mabamba yake ya risasi ni membamba. Ikiwasha taa na feni usiku kucha, huchakaa haraka. Inayofaa nyumbani ni ile yenye mabamba mazito, ambayo wauzaji huiita betri ya sola. Jina hilo lisimridhishe mnunuzi, kwani lebo hubandikwa na mtu yeyote. Kipimo rahisi ni uzito: betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hukaribia kilo 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja bila taabu, ndani hakuna ampea-saa 100.

Kabla ya kununua, piga hesabu. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100. Feni ya wati 20 kwa saa nane ni 160. Simu tatu ni kama 40. Jumla ni 300. Betri tuliyoitaja hubeba wati-saa 1,200, ila betri ya risasi isitumiwe chini ya nusu, hivyo zinazotumika ni 600, yaani usiku mbili. Kipimavolti kitakuonyesha nusu hiyo: betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.7, na ikifika 12.2 ni wakati wa kuzima feni.

Hata hivyo, betri nyingi haziuawi na matumizi bali na njaa. Betri ya risasi isiyojaa kwa siku nyingi hujenga ukoko wa sulfati juu ya mabamba, na ukoko ukikomaa hautoki. Betri ya ampea-saa 100 huhitaji ampea 10 hadi 20 za kuichaji. Paneli ya wati 100 haitoi hata 7, na wakati wa mvua hupungua zaidi. Wati 200 ndizo zinazotosha. Usiache kidhibiti chaji ili kuokoa fedha: ndicho kinachopandisha volti hadi karibu 14.4, kisha kuishusha hadi 13.5 betri ikijaa. Betri ya jeli huhitaji volti pungufu kidogo, kwa hiyo soma maelekezo yake.

Joto nalo ni adui. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa hofu ya nyuzi 45. Kwa betri ya risasi, kila nyuzi 10 zaidi ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Iweke chini, mbali na bati la paa, mahali penye hewa, kwa kuwa ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usiiweke chumba cha kulala. Betri ya maji iongezewe maji yaliyokenekwa baada ya kujaa, kamwe si asidi.

Betri ya lithiamu ni nyepesi, huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 na hudumu miaka mingi zaidi. Bei yake ni kubwa, na huhitaji kidhibiti chaji kinachoifaa. Kwa duka linalochaji simu za watu kila siku, gharama hiyo hujilipa.

Betri iliyokufa isivunjwe uani. Risasi hudhuru ubongo wa watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, mahakama mwaka 2020 iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Irudishe kwa muuzaji ikiwa nzima, na asidi yake ikiwa ndani.