Daftari la Baba Mdogo

Maniema, mashariki mwa Kongo, imehesabiwa mara nyingi. Dhanis, ofisa wa Kibelgiji, alipoiteka Kasongo mwaka 1893, daftari lilifuata bunduki: kwanza majina ya wanaume wa kulipa kodi, baadaye pamba ya kulazimishwa. Bibi yangu, Mbangubangu wa Kabambare, akimwona mgeni mwenye kalamu alitokea mlango wa nyuma, wala hapakuwa na mtu kijijini wa kumlaumu.

Miaka ya 1970 ukaja mradi wa afya wa Kasongo, pamoja na wataalamu wa taasisi ya tiba ya Antwerp, Ubelgiji. Walitaka kujua chanjo ya surua inaokoa watoto kiasi gani, wakalinganisha eneo lililochanjwa na lisilochanjwa. Baba yangu mdogo alipita nyumba kwa nyumba akiandika waliozaliwa na waliofariki. Swali la karatasi lilikuwa fupi: mama, una watoto wangapi? Kwetu watoto hawahesabiwi kama mbuzi, na aliyezikwa hatajwi mbele ya mgeni aliyesimama. Basi yeye aliketi. Aliuliza habari za shamba, kisha za mimba ya kwanza. Ulijifungua kabla nchi haijaitwa Zaire au baada? Nani alikuzalisha? Baada ya huyo ulimbeba nani mgongoni? Kwa njia hiyo mama alimfikia mwenyewe yule aliyekufa. Baba mdogo aliweka kalamu chini, akampa pole, wakanyamaza kidogo, ndipo akaandika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet, juu ya watoto wa miezi 7 hadi 35. Waandishi waliuliza kama baadhi ya waliookoka surua hawakuuawa baadaye na maradhi mengine, na wataalamu wakabishana. Ubishi mkubwa hivyo ulisimama juu ya majibu ya akina mama. Kwangu mimi, mtathmini wa kwanza alikuwa yule aliyejua kuketi.

Sasa naishi Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Shirika moja liliniita nitafsiri katika tathmini yake. Kijana mwenye tableti alimuuliza mjane, majirani wakisikiliza, amefiwa na watoto wangapi. Niliomba aulizwe na mwanamke, ndani ya nyumba, kwa Kibangubangu. Nikaambiwa muda hautoshi. Mama akasema watatu.

Jioni nilirudi kwa mjane na mke wangu, bila karatasi. Wanawake hao wawili waliketi jikoni wakimenya mihogo hadi giza likaingia. Mjane alitaja majina matano.

Kwenye tableti wako watatu.